Wingu likitanda, droni ibaki chini

Safari hii tunawaletea habari iliyotupata sisi wenyewe. Hatuiandiki kwa kujisifu. Tulifanya kosa, na tunaona ni vizuri mlijue kusudi ninyi msilirudie.

Ilikuwa mwezi wa 11, bondeni, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka katikati ya Kampene. Wakulima wa mpunga walikuwa wanatungoja tangu asubuhi. Kazi ilikuwa kupima mashamba yao kutoka juu kwa droni, kusudi kila mmoja apate mbegu kulingana na ukubwa wa shamba lake. Liste ya mbegu ilikuwa inafungwa kesho yake. Asiyepimwa, hayumo.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala bondeni, tukangoja. Ulipoondoka tukaanza kazi, na mambo yakaenda vizuri. Kufika saa saba mchana mashamba sita yalikuwa yamebaki, na upande wa pori wingu jeusi likaanza kupanda. Mama mmoja, mwenye shamba la mwisho, akaangalia juu, akakaza kikwembe chake, akasema: “Wanangu, mufunge vyombo. Hii mvua haiko mbali.”

Kijana wetu, piloti wa droni, akamjibu kwa heshima: “Mama, usiogope. Niko na batri ya dakika 12, nitamaliza.”

Na sisi, wakubwa wake, tukanyamaza. Tulikuwa tunafikiri liste.

Dakika ya nane upepo ukaja mbele ya mvua. Tukaona droni inasimama hewani: inapiga mbio na haisogei. Piloti akabonyeza kifungo cha kuirudisha nyumbani. Droni ikapanda juu zaidi, maana ndivyo ilivyopangwa kufanya, na huko juu upepo ulikuwa mkali kuliko chini. Kisha mvua ikaifunika. Picha ikakatika kwenye telekomande. Tukasikia mlio tu, halafu mlio nao ukaisha.

Vijana wawili wakatoka mbio kuingia kwenye maji ya mpunga, waitafute. Hawajafika mbali, radi ikapiga mti wa ngazi ng'ambo ya kijito. Sote tulijikuta chini. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini wale vijana walikuwa wamesimama katika maji, mahali pa wazi, wanatafuta kifaa chetu. Kama radi ingeangukia upande huu, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kampene iko kwenye liste ya dunia

Wengi wetu tumezaliwa na radi, tukakua nayo, na tunaiona kama jambo la kila mahali. Si hivyo. Setilaiti moja ya Marekani na Japani ilihesabu mimuliko ya radi kutoka angani kwa miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013. Mwaka 2016 wataalamu wakatoa hesabu yao na kupanga mahali penye radi nyingi kuliko pengine pote duniani.

Nambari ya kwanza ni ziwa Maracaibo, nchini Venezuela: mimuliko karibu 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nambari ya pili iko kwetu Kongo, karibu na Kabare katika Kivu ya Kusini: 205. Nambari ya tatu duniani ni karibu na Kampene: karibu 177. Hata Sake, katika Kivu ya Kaskazini, iko katika tano za kwanza.

Sasa tuifanye hesabu hiyo ya kikulima. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Kwa hiyo juu ya kila hekta moja hapa kwetu, mbingu inamulika karibu mara mbili kwa mwaka. Ni kweli kwamba mimuliko mingi inabaki ndani ya mawingu, haifiki chini. Lakini mkulima mwenye hekta mbili, anayekaa shambani mwake miaka 30, hawezi kusema radi ni habari ya jirani.

Kwa hiyo mtu akitufundisha kuendesha droni kwa kitabu kilichoandikwa Ulaya ao Uchina, lazima tuongeze ukurasa mmoja wetu. Kule mvua inaharibu chombo. Hapa inaweza kumuua aliyekishika.

Maji yanafanya nini ndani ya droni

Tuseme kwanza faida, kusudi mtu asidhani tunakataza droni. Zanzibar, kuanzia 2016, walipiga picha za visiwa vyao kwa droni na kupata ramani nzuri ya ardhi. Rwanda inapeleka damu hospitalini kwa droni tangu mwaka huo huo wa 2016. Hapa Kongo, mkoa wa Équateur, droni zimebeba chanjo juu ya mito na mapori. Kwa kooperative, droni inapima shamba haraka, inaonyesha sehemu ambapo maji yamesimama, na inasaidia kuona doa la ugonjwa ndani ya shamba kubwa ambalo mtu hawezi kulimaliza kwa mguu.

Lakini zile ndege za Rwanda zimetengenezwa kuvumilia mvua na upepo, na nyuma yake kuna mafundi na watu wa kuangalia hali ya hewa. Droni ndogo ya kupiga picha, ile ya kukunja na kutia kwenye sakosi, ni kitu kingine. Kitabu chake mara nyingi kinasema wazi: usirushe katika mvua, katika ukungu, wala katika upepo unaopita mita 10 kwa sekunde, maana yake kilomita 36 kwa saa. Upepo unaotangulia mvua kubwa unaweza kupita hapo kwa urahisi.

Hatari zenyewe ni hizi:

Umeme wa ndani. Mota za droni ziko wazi kwa hewa, na chini yake kuna vibao vya umeme vinavyozipa nguvu. Tone moja la maji likiunganisha waya mbili, mota moja inasimama. Droni ya mabawa manne ikipoteza mota moja inapinduka na kuanguka hapo hapo.

Kipimo cha urefu. Droni inajua iko juu kiasi gani kwa kupima mgandamizo wa hewa. Dhoruba inabadilisha mgandamizo huo, na maji yanaweza kuziba tundu la kipimo. Droni inaweza kushuka huku inafikiri bado iko juu.

Macho ya chini. Droni nyingi zina kamera ndogo chini za kuisaidia kusimama vizuri na kutua. Juu ya maji ya mpunga yanayong'aa na kutikisika, macho hayo yanadanganyika. Hii inatokea hata siku ya jua.

Mawasiliano. Mawimbi ya telekomande yanapita vizuri hewani, lakini majani yaliyolowa yanayanyonya. Umbali uliozoea wakati wa kiangazi hautaupata katika pori lililonyeshewa.

Batri. Droni ikipigana na upepo inakula batri haraka. Dakika 12 za kioo si dakika 12 za dhoruba. Hapo ndipo kijana wetu alikosea, na sisi pamoja naye.

Picha zenyewe. Hata droni ikirudi salama, kazi inaweza kuwa bure. Tone kwenye kioo cha kamera linaharibu picha, na kivuli cha wingu kinaficha rangi ya majani. Shamba zuri linaweza kuonekana gonjwa.

Wauzaji watawaambia: “Yetu haiogopi maji.” Waombeni wawaonyeshe kwenye kitabu alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Tarakimu ya pili ikiwa kubwa, droni inavumilia maji zaidi. Droni kubwa za kunyunyizia dawa huwa na kinga nzuri kwa sababu zinashika maji kila siku. Lakini kinga hiyo ni ya chombo kipya. Kikianguka mara moja, ao mpira wa kuziba ukichakaa, alama inabaki kwenye kitabu tu. Na alama hiyo haisemi kitu kuhusu radi. Tena, kunyunyizia dawa wingu likitanda ni hasara mara mbili: upepo unaipeleka kwa jirani, na mvua inaiosha majanini mpaka kwenye kijito.

Anayeshika telekomande ndiye yuko hatarini

Fikirini namna piloti anavyosimama. Anachagua mahali pa wazi, kusudi aone droni. Mara nyingi anapanda juu ya kilima ao kichuguu. Macho yake yako kwenye kioo ao angani upande mmoja, kwa hiyo haoni wingu linalotoka mgongoni. Watoto na wamama wamemzunguka kutazama. Radi inapenda mahali kama hapo: wazi na juu.

Mwezi wa 6 mwaka 2011, huko Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, nchini Uganda, radi ilipiga shule moja wakati wa mvua. Wanafunzi 18 na mwalimu wao wakafa siku moja. Watu wengi wakiwa pamoja, pigo moja linafikia wengi, kwa sababu umeme unatembea pia ndani ya udongo.

Kanuni ni rahisi, na haihitaji mashine. Ukiona mmuliko, anza kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukisikia ngurumo mbele ya kufika 30, radi iko chini ya kilomita kumi. Kazi imekwisha. Droni ishuke, watu waondoke. Nyuma ya ngurumo ya mwisho, ngojeni dakika 30 mbele ya kurudi shambani. Wengi wanapigwa wakati mvua imepungua na wanafikiri hatari imepita.

Kuhusu mahali pa kujificha: msiende chini ya mti peke yake, wala mti wa ngazi, wala kibanda cha majani cha shambani. Kibanda hicho kinazuia mvua, hakizuii radi. Tokeni ndani ya maji ya mpunga. Wekeni chini majembe na machuma, na acheni kuegemea baisikeli ao pikipiki. Gari yenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, inakinga vizuri. Nyumba kubwa ya matofali ni bora kuliko kibanda. Ndani yake kaeni mbali na ukuta, mlango, nguzo za chuma na waya za paneli ya jua. Na kama mvua imewakuta mbali na kila kitu, msijikusanye. Achaneni, kila mtu achuchumae, miguu pamoja, na asilale chini.

Mtu akipigwa na radi, mshikeni. Mwili wake haubaki na umeme. Watu wengine wamekufa kwa sababu ndugu zao waliogopa kuwagusa. Kama hapumui na moyo umesimama, anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja, na wengine watafute njia ya kumfikisha kwenye kituo cha afya.

Neno moja juu ya lawama

Hatutaki kuliruka jambo hili, maana mnalijua. Radi ikiua mtu katika vijiji vyetu, mara nyingi swali la kwanza ni: “Nani ameituma?” Kisha mzee mmoja ao mjane mmoja anaanza kuangaliwa vibaya. Sasa ongezeni droni: chombo kigeni kimeruka, radi imepiga, na kuna mgogoro wa mipaka ya shamba. Mnaweza kuona wenyewe moto unaoweza kuwaka hapo.

Hiyo hesabu ya setilaiti inatusaidia hata katika jambo hili. Mbingu inayomulika mara 177 kwa kilomita moja haina haja ya kutumwa na mtu. Ilikuwa inapiga mbele droni hazijakuja, na itaendelea kupiga.

Kuna na hofu nyingine. Katika mikoa yetu ya mashariki, mlio wa droni umekuwa mlio wa vita kwa watu wengi. Wingu likiwa chini, watu hawaioni, wanaisikia tu, na wanaweza kukimbia. Kwa hiyo mbele ya kurusha lazima kuwe na ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, na wakubwa wa teritware, usalama na chefu wa kijiji wajue siku na saa. Na kama siku imebadilika kwa sababu ya mvua, waambieni tena. Ruhusa ya jana si ya leo.

Droni ikilowa

Yetu tuliipata kesho yake, kwenye tope. Kijana mmoja akasema tuizike ndani ya gunia la mchele, kama watu wanavyofanya na simu. Tukacheka, lakini wengi wanaamini hivyo. Msifanye. Unga na vumbi la mchele vinaingia ndani ya mota, na maji yanabaki pale pale.

Zimeni droni, mtoe batri mara moja. Pangusa kwa kitambaa kikavu, acha mahali pakavu penye hewa, si juu ya moto wala juani mchana kutwa. Usijaribu kuiwasha “kuona tu kama iko nzima”. Mpe fundi aifungue kwanza.

Batri ndiyo ya kuogopa zaidi. Batri ya droni iliyoingia maji, iliyopigwa ao iliyovimba inaweza kuwaka saa nyingi baadaye. Usiichaji tena. Usiilaze ndani ya nyumba mnamolala, wala karibu na depo ya mbegu ao bidoni za mafuta. Iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, chini ya paa, mbali na watoto. Usiitupe motoni wala mtoni. Irudishwe kwa mradi ao kwa aliyeiuza.

Mashamba sita yalipimwaje?

Hili ndilo lililotuumiza zaidi. Tulihatarisha watu kwa kazi ambayo kamba ingeweza kuifanya.

Kesho yake tuliomba liste ingoje siku mbili, tukakubaliwa. Tungeweza kuomba tangu mwanzo. Tukachukua kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita tano, na wenye mashamba wakaishika wenyewe. Shamba la pembe nne ni rahisi: urefu mara upana, ugawe kwa 10.000, unapata hekta. Mita 100 kwa 50 ni mita za mraba 5.000, yaani nusu hekta. Shamba lililopinda mnaligawa katika pembetatu: kitako mara kimo, ugawe kwa mbili, kisha mnajumlisha. Wenye simu yenye GPS wanaweza pia kuzunguka mpaka kwa mguu. Simu inakosea mita chache, lakini kwa kugawa mbegu inatosha.

Na kazi hiyo ilikuwa na faida moja: majirani walitembea mpaka pamoja, na wakakubaliana mbele ya macho ya wote. Droni haiwezi kufanya hivyo.

Kwa musimu ujao tumepanga namna hii, na tunaziomba komite zenu zijadili:

1. Kazi ya droni ipangwe zaidi kati ya mwezi wa 6 na wa 8, wakati mvua imepungua. Katika miezi ya mvua, turuke asubuhi tu, ukungu ukishaondoka, na tuache mbele ya mchana. Mawingu ya radi mara nyingi yanajengeka jua likishapasha udongo.

2. Kila siku ya kazi kuwe na mlinzi wa wingu. Awe mkulima wa mahali, mwanamume ao mwanamke, anayejua mvua ya bonde hilo inatoka wapi. Kazi yake ni kuangalia mbingu, si droni.

3. Mlinzi akisema “shusha”, piloti anashusha. Hakuna kumuomba dakika mbili, hata kama anayeomba ni mkubwa wa mradi.

4. Hakuna mtu anayekimbilia droni iliyoanguka wakati wa mvua. Itangoja.

5. Siku za akiba ziwekwe kwenye programu tangu mwanzo, na hakuna mwanamemba anayepoteza mbegu kwa sababu mvua ilizuia kipimo.

Yule mama wa shamba la mwisho tulimrudia, tukamuomba radhi mbele ya wenzake. Alitujibu: “Mimi sijui mashine yenu. Lakini hii mvua naijua tangu mutoto.” Tukamuomba awe mlinzi wa wingu wa kwanza. Amekubali, kwa sharti moja: shamba lake lipimwe la kwanza, si la mwisho.

Kama katika kooperative yenu mmekwisha kutumia droni, ao mmeona radi ikiharibu paneli, mifugo ao nyumba, elezeni kwa mwandishi wa komite yenu ili atuletee habari hiyo kwenye mkutano ujao. Tutaichapa hapa, pamoja na namna mlivyojikinga.